Uvimbe wa Mtoto Una Jina: Jinsi Protini Zinavyotusaidia Kulijua

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na daktari wa patholojia wa hospitali ya rufaa ya kaunti katika kikao cha wahudumu wa afya, wahamasishaji wa afya ya jamii na wazazi. Tumeyachapisha jinsi yalivyotolewa.



Kwa kawaida mimi huzungumza na ninyi kupitia karatasi tu. Mgonjwa hanioni, nami simwoni. Ninachokiona ni kipande chake kidogo, kama punje ya haragwe, kikiwa ndani ya kopo. Leo nimepewa nafasi ya kueleza yanayotendeka kati ya kopo lile na karatasi ya majibu mnayopewa, na kwa nini wakati mwingine karatasi hiyo hukawia, au hurudi ikisema kwamba haikuwezekana kutambua ugonjwa.

Niwape mtoto wa mfano. Simsemi mtoto wa mtu. Tuseme ni msichana wa miaka 5 kutoka kijiji chochote huku kwetu kandokando ya ziwa. Jicho lake la kulia limeanza kutokeza. Wiki ya kwanza mama anadhani amegongwa akicheza. Wiki ya pili duka la dawa linampa matone. Wiki ya tatu amefika zahanati, na muuguzi anaona kwamba hili si jicho la kuuma la kawaida, anamwandikia barua ya rufaa siku hiyo hiyo. Muuguzi huyo amefanya kazi yake vizuri sana. Lakini swali limebaki: ni nini kinachosukuma jicho hilo?

Inaweza kuwa limfoma ya Burkitt, ambayo ni saratani ya seli za kinga na hupenda sana mifupa ya taya na ya uso. Inaweza kuwa rabdomayosakoma, saratani inayofanana na msuli mchanga, na tundu la jicho ni mojawapo ya mahali inapoanzia. Inaweza kuwa neuroblastoma, ambayo imeanza tumboni, kwenye tezi iliyo juu ya figo, kisha ikasambaa hadi mifupa ya jicho. Wakati mwingine watoto hawa huja na weusi kuzunguka macho yote mawili, na wazazi wao wakashukiwa kwamba wamewapiga. Inaweza pia kuwa saratani ya damu iliyojikusanya mahali pamoja ikafanya donge. Magonjwa manne, jicho moja. Kwa kumtazama mtoto, hata daktari aliyebobea hawezi kuapa ni lipi.

Na matibabu yake hayafanani. Burkitt hutibiwa kwa dawa za saratani, zikiwemo zinazopitishwa kwenye uti wa mgongo, wala si kwa kisu. Rabdomayosakoma huhitaji dawa za aina nyingine kwa miezi mingi, pamoja na mionzi au upasuaji. Neuroblastoma iliyosambaa ni safari ndefu na ngumu kuliko hizo mbili. Saratani ya damu ina njia yake. Ukimpa mtoto wa Burkitt matibabu ya rabdomayosakoma, umempotezea siku asizokuwa nazo, kwa maana seli za Burkitt zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku 1 au 2 tu. Hakuna saratani ya binadamu inayokimbia kuizidi.

Basi mpasuaji anachukua kipande, kinaletwa maabara. Tunakipitisha kwenye dawa, tunakizamisha katika nta, tunakikata vipande vyembamba vya unene wa mikromita 4 hivi. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko hapo mara 15 au zaidi. Tunakitia rangi mbili za kawaida, hematoksilini na eosini, za bluu na waridi, kisha naweka kioo chini ya hadubini. Na hapo ndipo wengi wenu mtashangaa. Naona uwanja mzima wa seli ndogo, za duara, za bluu. Nikileta kioo cha Burkitt, naona seli ndogo za duara za bluu. Kioo cha neuroblastoma, vivyo hivyo. Rabdomayosakoma, sakoma ya Ewing, limfoma ya limfoblasti, hata baadhi ya uvimbe wa Wilms wa figo: ndogo, za duara, za bluu. Sisi katika kazi hii huziita hivyo hivyo, kwa sababu wakati mwingine hatuna la kuongeza.

Sababu yake si fumbo. Saratani nyingi za watu wazima hutoka kwenye ngozi ya viungo, kama matiti, kizazi, koo au tezi dume, na seli zake bado hubeba sura ya mahali zilikotoka. Saratani nyingi za watoto hutoka kwenye seli changa, zilizokuwa bado zinajifunza kuwa msuli, au neva, au damu. Seli changa haina mwili mkubwa. Karibu yote ni kiini, na kiini ndicho kinachonywa rangi ya bluu. Ni kama kuwatazama watoto wachanga kumi katika wodi ya kujifungulia, wote wamefungwa shali, na mtu akuulize yupi atakuwa mwalimu.

Ziko dalili, sikatai. Burkitt, kwa mfano, huwa na seli safisha zilizotapakaa katikati ya zile za bluu, zikimeza zilizokufa, na vitabu vyetu husema inafanana na anga yenye nyota. Neuroblastoma mara nyingine hujipanga mithili ya vishada vya maua. Lakini kipande kikiwa kidogo, au kimebanwa na koleo, au kimeoza kidogo, dalili hizo hupotea, na mimi hubaki na bluu tupu.

Watu wa ukanda huu wa ziwa tuna sehemu yetu katika historia ya jambo hili. Mwaka 1957 mpasuaji wa hospitali ya Mulago huko Kampala, Denis Burkitt, aliitwa kumwona mvulana aliyevimba taya pande zote. Baada ya muda mfupi, akiwa Jinja, aliona mtoto mwingine mwenye taya zile zile, na tumbo lake pia lilikuwa na uvimbe. Alianza kutafuta, akawapata wengi, na mwaka 1958 akaandika makala akiuita ugonjwa huo sakoma ya taya katika watoto wa Afrika. Jina hilo halikudumu. Wanapatholojia waliokuwa Kampala, George O'Conor na Jack Davies, walizichunguza tishu, na kufikia 1960 walikuwa wameonyesha kwamba ni limfoma. Msidhani huo ulikuwa ubishi wa wasomi. Sakoma humwita mpasuaji, limfoma huita dawa. Mapema katika miaka ya 1960 madaktari wa Kampala na Nairobi walianza kuwapa watoto hao dawa za saratani, na uvimbe wa ukubwa wa ngumi ukawa unanywea kwa siku chache. Burkitt mwenyewe alikuwa mpasuaji, na alikuwa miongoni mwa walioweka kisu chini.

Vipande vya uvimbe huo vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kwamba wameona kirusi ndani ya seli zake. Ni kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Tunajua leo kwamba kirusi hicho, pamoja na malaria inayompata mtoto tena na tena, ndivyo vinavyofungua mlango wa Burkitt katika maeneo kama yetu. Kwa hiyo chandarua mnachopewa kliniki kina maana kuliko mnavyoambiwa. Lakini hilo ni somo la siku nyingine.

Sasa turudi kwenye bluu yetu. Tunazitofautishaje seli ambazo macho yameshindwa kuzitofautisha?

Kila seli ya mwili ina maagizo yale yale, ila kila aina husoma ukurasa wake, na kutokana na ukurasa huo hutengeneza protini zake. Seli inayoelekea kuwa msuli hutengeneza desmini, na ndani ya kiini chake huwa na mayojenini. Seli ya ukoo wa neva hutengeneza sinaptofisini, na ile ya ukoo unaozaa neuroblastoma huwa na protini iitwayo PHOX2B. Seli ya kinga ya aina ya B, ambayo ndiyo Burkitt, hubeba CD20 juu ya ngozi yake. Saratani inapoingia, seli husahau mengi. Husahau kuacha kugawanyika, husahau mipaka, husahau kufa. Lakini mara nyingi haisahau ukoo wake. Mtu anaweza kuhamia mbali, akabadilisha mavazi na jina, lakini akifungua mdomo lafudhi inamtoa. Protini ndiyo lafudhi ya seli.

Ili kuisikia lafudhi hiyo tunatumia kingamwili. Mnazijua kingamwili kama askari wa mwili, zile zinazotengenezwa baada ya chanjo. Kila moja hushika kitu kimoja tu, kama ufunguo na kufuli lake. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, waligundua namna ya kutengeneza kingamwili ya aina moja tupu kwa wingi, na wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Kutokana na kazi yao, leo naweza kufungua chupa ndogo ya kingamwili inayoshika CD20 peke yake. Tunaidondosha juu ya kipande cha tishu, tunaosha, kisha tunaweka kimeng'enya na rangi. Palipo na CD20 panageuka kahawia. Pasipo nayo panabaki bluu. Kazi hii inaitwa imunohistokemia. Jina ni refu, lakini mwisho wake ni swali la ndiyo au la.

Niseme kidogo kuhusu hatua moja, kwa sababu inapendeza. Formalini inayohifadhi tishu hufunga protini kwa minyororo, hata kingamwili inashindwa kufika kwenye kufuli lake. Kwa miaka mingi jambo hilo liliwasumbua wataalamu. Mwaka 1991 ikaonyeshwa kwamba ukichemsha kile kioo, minyororo inalegea. Maabara nyingi duniani hufanya hivyo kwa sufuria ya presha, ile ile ya kupikia maharagwe. Mtu akikuambia sayansi hii ni ya nchi tajiri tu, mwambie hilo.

Tumrudie msichana wetu wa mfano. Siwezi kumpima kwa kingamwili zote zilizoko duniani. Ni ghali, na kipande chake kitaisha. Naanza na chache: CD45, inayoonyesha seli nyeupe za damu na za kinga, CD20, desmini, sinaptofisini, na CD99. Tuseme CD45 na CD20 zimekuwa kahawia, desmini na sinaptofisini zimebaki bluu. Sasa najua ni limfoma ya seli B. Bado sijui kama ni Burkitt. Naongeza CD10 na BCL6, ambazo katika Burkitt hutokea; naongeza BCL2, ambayo kwa kawaida haipo au ni hafifu sana; na naongeza Ki-67, inayoonyesha seli zilizo mbioni kugawanyika. Nikiona Ki-67 imekuwa kahawia karibu katika kila seli, nachukua simu, siandiki barua. Na CD20 ina faida nyingine: iko dawa, rituksimabu, inayoshika protini hiyo hiyo, na daktari wa saratani za watoto atataka kujua kama ipo kabla hajaamua.

Matokeo yangekuwa mengine, njia ingekuwa nyingine. Desmini ikiwa kahawia, nafuata na mayojenini na MyoD1 kabla ya kusema rabdomayosakoma, kwa sababu desmini peke yake hutokea hata kwenye uvimbe wa Wilms. Sinaptofisini ikiwa kahawia, natafuta PHOX2B na naomba mtoto apigwe picha ya tumbo.

Hapa ndipo ningependa wenzangu wa hospitali wanisikilize vizuri, kwa sababu kahawia inaweza kudanganya. CD99 ni mfano mzuri. Ilipoanza kutumika ilipendwa sana kwa kuitambua sakoma ya Ewing, na ni kweli karibu kila Ewing huwa nayo. Lakini limfoma ya limfoblasti nayo huwa nayo mara nyingi. Tena limfoma hiyo ni seli changa sana, hivi kwamba wakati mwingine CD45 yake haionekani kabisa. Basi mtu akiwa na kingamwili mbili tu kwenye friji, anapata CD99 ndiyo, CD45 la, anaandika sakoma ya Ewing, na mtoto anapelekwa kukatwa mfupa uliokuwa na limfoma. Dawa ya mtego huo ni kuongeza TdT, protini ya seli changa za kinga, na kuitafuta kila mara kabla ya kutamka neno Ewing kwa mtoto. Hakuna alama moja inayotosha. Anayewaambia kwamba ana kipimo kimoja cha protini kinachomaliza maneno katika saratani za watoto, anauza kitu.

Ukimya nao una maana mbili. Kingamwili ikikosa kushika, pengine protini haipo kweli, au pengine ilikuwepo ikaharibika njiani. Nitajuaje? Natazama majirani. Katika kila uvimbe kuna mishipa ya damu, na ukuta wa mshipa una msuli. Desmini ikikosa kushika hata pale, nashuku kwamba kioo chote kimeharibika, na siharakishi kusema lolote. Uko pia uvimbe ambao jibu lake ni ukimya wenyewe. Rabdoidi, saratani kali ya watoto wadogo inayotokea kwenye figo au ubongo, hupoteza protini inayoitwa INI1 ambayo karibu kila seli ya mwili inayo. Naona mishipa ya damu ikiwa kahawia, na uvimbe katikati yake umenyamaza. Nimezieleza hizi ili mjue kwa nini napenda kipande kilichotunzwa, kwa maana kipande kilichooza hunyamaza kote, na hapo siwezi kutofautisha.

Na sasa nazungumza na chumba cha upasuaji, na boda boda, na wodi, kwa sababu protini hazioziwi maabara kwangu. Zinaozwa kabla hazijafika.

Tishu ikitoka mwilini inaanza kujila yenyewe, na kwa joto letu hili haichelewi. Iingie kwenye formalini ndani ya saa moja. Si kwenye maji ya chumvi, si kwenye spiriti ya kidonda, si kwenye kitambaa kilichokauka. Iwe formalini ya asilimia 10 iliyotiwa chumvi za kuzuia ukali, kwa sababu ile isiyotiwa hugeuka asidi na kuacha madoa meusi ambayo mtu anaweza kuyadhania kuwa majibu. Iwe nyingi, mara 10 ya ukubwa wa kipande. Formalini hupenya polepole, kama milimita 1 kwa saa, kwa hiyo figo nzima ikitumbukizwa kwenye ndoo bila kupasuliwa, nje inakuwa imehifadhiwa na katikati inaoza. Na baada ya siku moja au mbili ifike kwetu. Kipande kilichosahauliwa wiki 3 kwenye kabati kimefungwa minyororo mingi kiasi kwamba hata sufuria ya presha inaweza isikifungue.

Kuhusu vyombo, naomba kopo lenye mdomo mpana. Nimeletewa vipande kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Kipande kinaingia kikiwa laini, formalini inakikaza, na kutoka hakitoki. Hapo tunavunja chupa, tunatafuta tishu ya mtoto katikati ya vigae.

Fomu nayo. Ikiandikwa "uvimbe, tafadhali chunguza" na basi, mnanifanya nibahatishe. Umri wa mtoto, mahali uvimbe ulipo, umeanza lini, tumbo likoje, picha zimeonyesha nini: hayo ndiyo yanayoamua ni kingamwili zipi nitazitumia kwanza. Uvimbe wa bluu kwenye figo ya mtoto wa miaka 3 na uvimbe wa bluu kwenye paja la kijana wa miaka 14 si swali moja.

Jambo lingine ni steroidi. Prednisoloni na deksamethasoni zinapatikana kila mahali, na mtoto aliyevimba tezi au anayepumua kwa shida hupewa haraka. Limfoma na saratani ya damu huyeyuka kwa dawa hizo. Uvimbe unapungua, kila mtu anafurahi, na biopsi ikichukuliwa siku chache baadaye naona seli zilizokufa tu. Kisha uvimbe unarudi ukiwa na nguvu. Tena kuyeyuka kwa ghafla kunaweza kuziba figo za mtoto. Kama njia ya hewa inafungwa, okoeni maisha kwanza, hilo halina mjadala, na mpige simu. Lakini kama mtoto anapumua vizuri na kuna shaka ya saratani, steroidi isubiri kipande kichukuliwe.

Wazazi, sasa ninyi. Najua maneno yanayosemwa: uvimbe ukiguswa na kisu unasambaa. Nimeyasikia kwa watu wazima ninaowaheshimu, na naelewa yalikotoka. Watu walimwona mgonjwa akikatwa, kisha akafa. Mara nyingi alikuwa amefika akiwa amechelewa, na ugonjwa ulikuwa umeshasambaa kabla ya kisu. Kwa uvimbe mwingi wa watoto, kipande kikichukuliwa na aliyefunzwa, hatari ni ndogo kuliko hatari ya kutibu bila kujua. Kuna hali ambazo sisi wenyewe hatutaki kisu kianze. Mtoto mwenye weupe kwenye mboni ya jicho, ule unaoonekana kama jicho la paka kwenye picha za simu, anaweza kuwa na retinoblastoma, na jicho hilo halidungwi sindano kutafuta kipande. Anapelekwa moja kwa moja kwa daktari wa macho. Na uvimbe wa figo mara nyingi huamuliwa kwanza kwa picha. Kwa hiyo mkiambiwa "biopsi haihitajiki sasa", si kwamba mmepuuzwa. Ulizeni sababu, na mtaelezwa.

Mkipewa majibu, msiyaache hospitalini. Ombeni nakala. Juu yake kuna namba, na namba hiyo ndiyo ya kile kipande cha nta. Nta hiyo haiozi. Inakaa miaka mingi. Kama hapa hatuna kingamwili inayotakiwa, kipande kinaweza kwenda Kisumu, Eldoret au Nairobi, na mtoto akabaki akitunzwa. Lakini bila namba, tunatafuta kijiti kwenye lundo la kuni. Na mtoto aandikishwe SHA chini ya mzazi mapema, kabla ya safari ya rufaa, maana nimeona siku zikipotea kwenye foleni ya usajili huku Burkitt haipangi foleni.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, wanaopona hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo la angalau asilimia 60 ifikapo 2030, na Burkitt ni mojawapo ya saratani sita zilizochaguliwa kuangaliwa kwanza. Tofauti hiyo haitokani na damu zetu. Inatokana na kuchelewa, na utambuzi usio sahihi, na familia kulazimika kuacha matibabu katikati. Pesa za kaunti nazo ziko kwenye hesabu hii, Mheshimiwa Waziri, nami sitajifanya sijui niko mbele ya nani: kingamwili zinaharibika friji ikizimika, na chupa iliyopitwa na wakati huzaa ukimya ule niliousema. Jenereta ya maabara si anasa. Hata tukianza na kingamwili kumi tu zilizochaguliwa vizuri, zisizokosekana mwaka mzima, zitatufaa kuliko thelathini zinazokuja mara moja kwa wafadhili na kuisha.

Pale mezani karibu na mlango nimeweka makopo yenye mdomo mpana, tayari na formalini, na fomu zilizojazwa kwa mfano. Kila kituo kinachofanya upasuaji mdogo kichukue kabla ya kuondoka, na kitie sahihi kwenye daftari. Msiyafungue hapa ndani, harufu yake inawasha macho. Sasa napokea maswali, na naomba tuanze na akina mama waliokaa nyuma, kwa sababu wamekuwa wakinyoosha mikono tangu nilipotaja jicho.